Mkato sio gundi

Haya jamani, habari za saa hizi. Naona walioko nyuma wamejibana karibu na mlango kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka, sogeeni mbele, leo hamna mtihani na hamna mtu ataitwa ubaoni kwa lazima. Kabla sijaanza nina kazi ndogo kwenu. Pale nje mlangoni kuna tangazo la shughuli hii, lina mistari mitatu tu ya Kiingereza, na mmoja kati ya hiyo mitatu una kosa ambalo ndo mada yetu ya leo. Aliyeliandika yupo humu ndani na sijamwambia kitu, sasa hivi anatoa macho. Sisemi ni mstari upi, mwenye simu aliyelipiga picha aangalie taratibu, tutalirudia mwishoni.

Mada yenyewe ni sentensi za Kiingereza ambazo zimeunganishwa bila kuunganishwa. Wenyewe wanaziita "run-on", mimi nitaziita sentensi za kugongana, maana ndo kinachotokea, sentensi mbili kila moja ina injini yake na dereva wake zinaingia njia moja bila taa wala honi, msomaji yuko katikati anashangaa nani apite.

Niwaambie nilivyolijua hili kosa, maana darasani sikulijua kabisa, darasani nilikuwa najiona fundi. Nilikuwa naandika Kiingereza kirefu, mtu anaanza mstari wa kwanza anafika wa sita hajaona nukta, na mimi nikajua hiyo ndo lugha ya wasomi. Siku moja nikaandika barua ya kuomba kazi, nikampa dada mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi, yeye alikuwa mhariri, nikamwambia dada nipitishie macho tu, kesho naituma. Kesho yake akanirudishia. Karibu kila mkato umezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya kila duara kaandika herufi mbili, CS. CS, CS, CS, mpaka chini. Nikafurahi! Nikajiambia hii bila shaka ni "Correct Sentence". Nikamfuata nikamshukuru, nikamwambia kumbe nimepatia zote. Akaniangalia kama daktari anayetafuta namna ya kukupa majibu, akasema, mdogo wangu, hiyo ni "comma splice", umeunga sentensi kwa mkato, na mkato sio gundi.

Ile barua ninayo mpaka leo. Nawasomea kipande chake kilivyokuwa, msicheke sana:

"I have worked in this company for three years, I started as a cleaner then I was promoted to the store, my supervisor likes my work however he has no time to write, that is why I am writing to you myself. Please find attached my certificates, I look forward to hearing from you."

Mnacheka, lakini naomba mnyooshe mkono ambaye hajawahi kuandika ule mstari wa mwisho. Ee. Mikono sioni.

Sasa tuanze na dhana moja potofu, tuiondoe mapema. Wengi wakisikia kosa hili wanadhani ni ishu ya urefu, kwamba sentensi ikiwa ndefu imekosewa. Hapana. "I ran he walked." Maneno manne tu, na tayari zimegongana. Halafu angalia hii: "The man who repairs old clocks in the small room at the end of the corridor, where nobody ever switches on the light, has promised my sister that he will look at her watch before the end of the week." Ndefu hiyo, unaisoma mpaka unataka maji, lakini iko salama kabisa, maana mhimili wake ni mmoja, yule mzee ameahidi, mengine yote yanayofuata yamening'inizwa hapo kwa kulabu zinazoonekana, "who", "where", "that", "before". Kwa hiyo mtu akikwambia fupisha sentensi zako anaweza akawa anakupa ushauri mzuri wa mtindo, ila hajagusa hili kosa. Hili kosa liko kwenye kiungio. Unatafuta pale sentensi moja inapoisha na nyingine inapoanza, unauliza hapa kati kuna nini?

Kukiwa hamna kitu kabisa, zimebamizana tu, hiyo ni aina ya kwanza. "The printer is broken nobody can fix it." Kukiwa na mkato peke yake, hiyo ni aina ya pili, ndo ile CS yangu. "The printer is broken, nobody can fix it." Watu wengi wanadhani ya pili ina nafuu kwa sababu angalau kuna alama, ila kwa mwalimu mkali zote mbili ni kosa lilelile, na mimi naona ya pili ni mbaya zaidi kwa namna yake kwa sababu inaonekana imevaa vizuri, unaipita bila kuistukia.

Na kujua kama kila upande ni sentensi kamili ni rahisi, tafuta kitenzi chenye wakati, tafuta nani anakifanya, halafu kata hapo uone kama kipande kinasimama chenyewe. "Nobody can fix it." Kinasimama. "Because nobody can fix it." Hakisimami, unabaki unasubiri, kwa hiyo? Hicho ni kishazi tegemezi, kinahitaji bega la kuegemea.

Sasa hapa ndo patamu, na hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu mimi nina imani yangu kwamba sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunakosea hivi kwa sababu tofauti kabisa na mtoto wa Kiingereza anayekosea hivihivi. Yeye anakosea kwa haraka au kwa kutojua. Sisi tunakosea kwa sababu tunajua, tunajua lugha nyingine vizuri mno.

Sikilizeni hii. "Alifika akakaa akafungua kompyuta akaanza kuandika." Vitenzi vinne. Viunganishi hamna hata kimoja, mkato hamna, na hakuna mwalimu wa Kiswahili duniani atakayeipigia mstari mwekundu. Kwa nini? Kwa sababu kiungo kipo, kimefichwa ndani ya kitenzi chenyewe, ni ile -ka-. Ile silabi moja ndo inayosema haya yamefuatana, moja baada ya jingine, usinikate. Sasa mtu anahamisha hiyo sentensi kwenda Kiingereza neno kwa neno, anapata "She arrived she sat down she opened her computer she started writing." Vitenzi vyote vimevuka mpaka salama, viima, yaani watendaji, vimevuka, ila -ka- imebaki upande wa huku. Kiingereza hakina -ka-! Hakina hata binamu yake. Kwa hiyo kazi yote iliyokuwa inafanywa na ile silabi, sasa hivi haifanywi na mtu, na wewe sikio lako bado linaisikia, ndo maana huoni kosa. Unasoma Kiingereza unasikia Kiswahili.

Mwingereza hapo anafanyaje? Anapunguza madereva. "She arrived, sat down, opened her computer and started writing." Kiima kimoja, vitenzi vinne. Na angalieni, hapo mikato ipo na ni halali kabisa, kwa sababu haitenganishi sentensi, inatenganisha vitu vya orodha, kama unavyotaja kalamu, daftari, rula. Hiki kitu kilinisaidia kuliko kanuni zote nilizowahi kukariri, ukiona umeandika "she" mara nne kwa mtu yuleyule kwenye mstari mmoja, simama, jiulize hizo "she" tatu za mwisho zinafanya nini hapo.

Na -ki- nayo ni hivyohivyo, "Nilimkuta akilia." Nimesahihisha kazi nyingi zenye "I found him he was crying." Kumbe ni "I found him crying", basi, kitenzi cha pili kinavuliwa wakati wake kinakuwa tegemezi, kiungio kinapona.

Halafu kuna huu mtego wa "it". "Kompyuta yangu ni nzito, inahitaji memori." Kwa Kiswahili mnaona tatizo? Hamna. Ile i- ya "inahitaji" inarudi kuishika kompyuta, ngeli imekubali, masikio yanatulia. Ukija "My computer is slow, it needs more memory" unaona "it" ni kama i- yetu, imeshika nyuma, kwa hiyo zimeungana. Hazijaungana. Kimaana ndio, "it" inaitegemea kompyuta. Kisarufi "it needs more memory" ni sentensi nzima yenye kiima chake. Maneno kama "it", "he", "they", "this" ndo yanayozalisha sehemu kubwa ya ajali hizi, ninavyoona kwenye kazi ninazopitia, kwa hiyo ukitaka kupekua maandishi yako haraka usianze na kanuni, tafuta kila mkato unaofuatwa na moja ya haya. Utashangaa.

Na bingwa wa mabingwa. "Niliumwa, ndiyo maana sikuja." Tamu, sahihi, tunaisema kila siku. "I was sick, that is why I did not come." Hiyo ni CS. Najua inauma. Ukikomaa na "that is why" basi kabla yake weka nukta au nukta mkato, hii (;), lakini Kiingereza kina kaneno kadogo kanafanya kazi hiyohiyo bila fujo, "I was sick, so I did not come." Au geuza, "I did not come because I was sick."

Kaka pale ameuliza, kwani mkato si ni pa kupumulia? Ndio, ndivyo tulivyofundishwa, na wala sio uongo, ila ni ukweli wa zamani mno. Hapo zamani Wagiriki walikuwa wanaandika maneno yote yamebanana bila nafasi, na maandishi yalikuwa ya kusomwa kwa sauti. Karibu miaka 200 kabla ya Kristo kulikuwa na msimamizi wa maktaba ya Alexandria anaitwa Aristophanes wa Byzantium, sio yule wa vichekesho, huyu ni mwingine, yeye akaanza kuweka vinukta kwenye vimo tofauti vya mstari kumwonyesha msomaji apumzike kiasi gani, kidogo, wastani, au sana. Kile kipande kifupi kiliitwa "komma", maana yake kitu kilichokatwa. Yaani mkato! Sisi na Wagiriki tumefikia kulekule bila kupigiana simu. Baadaye sana, mwishoni mwa karne ya 15 huko Venice, mchapishaji Aldo Manuzio akatoa nukta mkato, alama ya katikati kwa ajili ya pale mkato ni mdogo mno na nukta ni kubwa mno. Watu walivyozidi kusoma kimya kimya alama za Kiingereza zikahama taratibu kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye sarufi. Kwa hiyo ukiweka mkato pale pumzi inapokatika unafuata sheria iliyostaafu, pumzi inakwambia hapa pana kiungio, hapo iko sahihi, ila haikwambii ni kiungio cha aina gani.

Tukarudi kwenye ile barua, tuitengeneze pamoja, nimeiandika hapa ubaoni. Kuna sentensi ngapi mpaka pale kwenye "myself"? Mtu kasema tatu. Mwingine nne. Tumieni mbinu hii, Kiingereza wanayo ya kwao ya kugeuza kila kipande kuwa swali, mimi naipenda hii ya kwetu zaidi, kila mahali panapokubali kuwekwa "si ndiyo?" bila kuchekesha, hapo pameisha sentensi. "I have worked in this company for three years", si ndiyo? "I started as a cleaner", si ndiyo? "then I was promoted to the store", si ndiyo? "my supervisor likes my work", si ndiyo? "however he has no time to write", si ndiyo? "that is why I am writing to you myself", si ndiyo? Sita! Na kati ya sita kuna viungio vitano, na vyote vitano vimevunjika. Sijui kwa kweli yule dada alivumiliaje.

Kiungio cha kwanza, miaka mitatu na kuanza kama mfagizi. Hapo weka nukta tu. Watu wanaidharau nukta, wanaona ni ya watoto, lakini nukta haijawahi kumwangusha mtu. "I have worked in this company for three years." Simama.

Cha pili kina "then". Haya, "then" na "however" naomba tuwaongelee vizuri maana hawa wawili wamevaa sare za viunganishi na sio viunganishi. Kiingereza kina viunganishi saba tu vyenye nguvu ya kusimama na mkato na kuunga sentensi mbili kamili, "for", "and", "nor", "but", "or", "yet", "so". Wanafunzi wanakariri herufi za mwanzo wanapata FANBOYS. Saba, mlango umefungwa. "Then" hayumo. "However" hayumo. "Therefore" hayumo, "moreover" hayumo, "instead" hayumo, hawa wote ni vielezi. Sasa utamjuaje kielezi aliyejificha? Mwambie ahame. Kiunganishi hahami, kielezi anatembea nyumba nzima. "My supervisor likes my work; however, he has no time." Naweza kusema "he, however, has no time", naweza kusema "he has no time, however". Sawa zote. Jaribu na "but", sema "he, but, has no time". Mnaona mnavyocheka, haiwezekani. Mtu anayehamahama huwezi kumpa kazi ya kushikilia ukuta. Kwa hiyo "however" ukimtaka katikati ya sentensi mbili unampa nukta mkato au nukta kabla yake na mkato baada yake. Sisi linatuchanganya kwa sababu "hata hivyo" na "halafu" zetu hazina masharti hayo, unazitupia popote zinafanya kazi.

Basi kiungio cha pili, "I started as a cleaner, and then I was promoted to the store." Tumeongeza "and", tatizo limekwisha. Hapa kaka wa shati la mistari anasema afadhali "I started as a cleaner and was promoted to the store", dereva mmoja injini mbili. Nzuri zaidi hiyo, tena huoni inapumua? Naichukua. Cha tatu nukta. Cha nne tumtoe "however" tumweke "but". Cha tano tumtoe "that is why" tumweke "so". Sasa someni:

"I have worked in this company for three years. I started as a cleaner and was promoted to the store. My supervisor likes my work, but he has no time to write, so I am writing to you myself."

Mtu yuleyule, habari ileile. Ila sasa unaona kabisa wapi ni historia, wapi ni kikwazo, wapi ni matokeo. Mikato ya mwanzo ilikuwa inasema tu "na hii, na hii, na hii", inakuachia wewe msomaji kazi ya kukisia, na mtu anayesoma barua mia hatakisia yako.

Bado mstari wa mwisho, "Please find attached my certificates, I look forward to hearing from you." Hapa wengi mnashindwa kuona kwa sababu upande wa kwanza hauna kiima. Kipo, kimejificha. Ukimwagiza mtu, "njoo", "kaa", "sikia", mtendaji ni yeye, kwa Kiingereza ni "you" isiyotamkwa. Kwa hiyo amri peke yake ni sentensi nzima, hata "Run" ni sentensi nzima. Weka nukta baada ya "certificates" ulale usingizi.

Niongeze na hatari ya upande wa pili, kwa sababu nimeiona. Mtu akishaogopa mikato anakata kila kitu. "I was sick. I went to the doctor. I got medicine. I slept." Hamna kosa hapo, ila ni kama kuhesabu ngazi. Mwingine anakata mpaka kishazi tegemezi, "I did not come. Because I was sick." sasa kile cha pili kimebaki kinaning'inia hewani. Mwingine anagundua "and" anamwaga "and" kila mahali, kisarufi anapita, kwa msomaji ni treni isiyo na kituo. Dawa ni kujiuliza hizi sentensi mbili zina uhusiano gani, kama ni sababu sema sababu, kama zinapingana sema zinapingana, kama zinafuatana onyesha mfuatano. Na kama zinakaa jirani tu na unataka msomaji auone ujirani huo mwenyewe, hapo ndo nukta mkato inapendeza. "The office was quiet; everyone had seen the email." Sijasema kwa sababu, lakini umesikia. Nukta pacha, hii (:), inafaa pale upande wa pili unapofafanua wa kwanza. Kistari kirefu pia kinaruhusiwa, sikipendi sana, watu wakishakijua wanakiweka kila mahali kama chumvi.

Dada ameuliza kuhusu "I came, I saw, I conquered". Nilikuwa naogopa hili swali. Maneno ya Julius Caesar hayo, mwaka 47 kabla ya Kristo, baada ya kushinda vita ya Zela, na kwa Kiingereza yameandikwa kwa mikato mitupu na hakuna anayeyapigia mstari. Kanuni hapo inalegea, vishazi vikiwa vifupi, vinafanana umbo na vinakwenda kwa mdundo mmoja, mkato unaachiwa. Waandishi wa riwaya nao, hasa Waingereza, wanaachiwa zaidi, kwa makusudi ya mwendo. Ila kwa Kiswahili tunasemaje? Nilikuja, nikaona, nikashinda. Imekuja tena -ka-, mnaiona! Caesar kwetu hahitaji ruhusa maalumu. Wewe ukiwa umeshinda vita andika upendavyo, ukiwa unaomba kazi au unafanya mtihani fuata ya kawaida. Kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, sehemu ya kuandika, upana na usahihi wa sarufi ni robo nzima ya alama, na mipaka ya sentensi ni kitu cha kwanza mtahini anakiona hata kabla hajajua unaongelea nini. Na "The more you read, the better you write" msiiguse, ile ni pande mbili zinazotegemeana, haijagongana. Na "You are coming, aren't you?" nayo iacheni.

Mwingine anauliza kompyuta si itaniambia? Itakwambia mara nyingine, mara nyingine inapita kimya. Ninachofanya mimi kwa kazi ya maana nasoma kutoka mwisho, sentensi ya mwisho kwanza, halafu inayoitangulia, narudi nyuma hivyo mpaka juu. Ukisoma kwa kwenda mbele hadithi inakubeba, sikio linajaza viungo ambavyo hukuviandika. Ukirudi nyuma hadithi inakufa, inabaki sentensi tupu, unaona hii ina vichwa viwili. Inachosha, na ukurasa mmoja unaweza kukuchukua muda mrefu kuliko ulivyouandika, ila ukiifanya kwa wiki chache jicho linaanza kuona lenyewe.

Ndio najua, mtu kanong'ona hapo mbele, mbona wewe mwenyewe unaongea sentensi zisizoisha tangu umeanza. Naongea Kiswahili bwana, na mdomo hauna nukta.

Tangazo. Haya, mstari wa kwanza, "Public talk on English sentences." Wa pili, "Everyone is welcome and entry is free." Wa tatu, "Come early, seats are limited." Nani? Wengi mnasema wa pili. Wa kwanza ni kichwa cha habari hauna kitenzi, tuuache. Wa pili una "and" yuko kwenye wale saba, pande zote ni fupi, mkato kabla yake ukiweka sawa, usipoweka sawa. Si ndo huo wa tatu jamani! "Come early", amri, "you" amejificha, sentensi nzima. "Seats are limited", nzima. Katikati mkato peke yake. Kama barua yangu.

Mwenye tangazo ameshanyanyuka, ana kalamu mkononi, anauliza aweke nukta mkato au aandike "because". Vyovyote, dada, ila mimi ningeweka nukta mkato maana nafasi uliyoacha ni ndogo. Na ukirudi hesabu na viti, mimi naona vitupu kama ishirini hapo nyuma.